Magurudumu Matatu ya Sanduku

Kwa Maduhu vyuma hupimwa kwa kilo,
havipimwi kwa vilikotoka.
Pale Mabatini, mizani imefungwa
kwenye nguzo ya umeme isiyo na umeme,
nilinunua sproketi ya pikipiki iliyoisha meno,
kipande cha springi ya Fuso,
na beringi mbili za pampu iliyokuwa ikinywa ziwa huko Kayenze,
ikinywesha nyanya,
mpaka mchanga ukaikaba koo.
"Dada, unafungua gereji?"
"Nafunga," nikamjibu.
Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa vizuri,
lakini jibu lilikaa vyema mdomoni.

Sproketi nikaitoboa matundu manne, ikawa uso wa mashine:
hapo bakuli hushikizwa
kabla halijajua kuwa ni bakuli.
Springi nikainoa siku mbili juu ya jiwe
(Mwanza jiwe hatununui).
Chuma kilichobeba mpunga wa Magu, gunia juu ya gunia,
sasa kinabeba ukali tu,
upana wa kidole gumba.

Beringi nililoweka kwenye mafuta ya taa,
ndani ya kopo la maziwa ya mtoto.
Nilipozizungusha zilikohoa mchanga.
Zikakohoa tena.
Kisha zikanyamaza, zikateleza,
nikacheka peke yangu kibandani.

Tatizo lilikuwa mti mrefu.
Bibi mmoja wa Kirumba aliagiza nguzo nne za kitanda,
mninga, futi nne kila moja, nyembamba kiunoni;
binti yake anaolewa Desemba.
Mti mfupi hutii.
Mti mrefu ukiushika ncha mbili, katikati ukapaacha,
katikati hucheza,
hutapatapa, hupiga patasi,
huchora mawimbi pale ulipotaka utulivu.
Nguzo ya kwanza iliruka dirishani
ikaenda kulala na kuku wa mama Kashinje.

Usiku ule nilitazama vitu vya nyumbani
kwa jicho la Maduhu: hiki kilo ngapi?
Uvunguni lilikuwepo sanduku,
lile alilokuja nalo Magesa siku aliposhuka meli ya Nansio,
likibiringika gatini kwa kelele, watu wakigeuka,
mimi nikiona haya na fahari kwa pamoja.
Alipoondoka, nguo alizitia kwenye kiroba.
Zipu imekufa, alisema.
Zipu, ndiyo.
Magurudumu yalikuwa mazima.

Nikang'oa matatu kwa bisibisi.
La nne nikaliacha, sijui kwa nini.

Ubao wa mvule, uliowahi kuwa ubavu wa mtumbwi,
nikaukata duara, katikati tundu la kupitisha paja,
na magurudumu yakatazamana ndani yake:
mafiga matatu,
sufuria ndiyo ule mti.

Nikawasha mota.
Nguzo ikazunguka, nayo yakazunguka,
yakiishika bila kuibana.
Hilo ndilo lililonila jioni tatu.
Ukikaza, mti unaungua, unavaa pete nyeusi.
Ukilegeza, unarudia kucheza.
Kati yake ipo nafasi,
unene wa karatasi ya daftari.
Niliipata kwa karatasi ya daftari.

Bibi wa Kirumba alikuja kabla sijamaliza.
Akapitisha kiganja juu ya nguzo, taratibu,
kama anayepima homa,
akakwama kwenye pete nyeusi ya jaribio la kwanza.
"Na hii?"
Nilikuwa na maranda nywelezi na uongo mmoja tayari.
"Pambo," nikasema.
Akainamisha kichwa, akaitazama kwa muda.
"Basi zote nne ziwe nayo."

Nikatafuta waya wa breki wa baiskeli,
nikaukaza juu ya mti unaozunguka,
moshi ukapanda na harufu tamu ya mninga,
nikaziunguza zile tatu
kosa langu lile lile,
safari hii kwa makusudi.

Sanduku lipo bado. Natunzia humo msasa.
Ukilivuta, linazunguka papo hapo
kwa gurudumu lake moja.